Ukungu Kwenye Kioo cha Pikapu ya Mifugo

Siku yangu ya mwisho kazini walinipa keki, leso mbili na swali. Keki ililiwa na watu ambao sikuwa nimewahi kuwaona pale ofisini. Leso ninazo. Swali liliulizwa na Mwikali, dereva mpya, ambaye amepewa pikapu kuukuu kuliko zote, kama mgeni yeyote anavyopewa.

"Mama Mwende," akasema, "hii gari yangu kioo inaingia ukungu mpaka sioni barabara. Nifanye nini?"

Nikamwambia nitamwandikia. Akacheka, akidhani natania. Lakini nimeendesha magari ya idara ya mifugo kwa miaka thelathini na moja, Kitui kwanza, halafu Makueni, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa na pikapu moja tu ambayo kioo chake kilikuwa kinaingia ukungu. Jibu lake halitoshi kwenye ujumbe wa simu. Mwikali, kaa chini na chai yako. Usiinywe garini. Sababu utaiona mbele.

Sitaandika kuhusu vyeo. Dereva hana ngazi nyingi za kupanda, isipokuwa ile ya kuingilia garini.

Nilianza Kitui nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nikiwa na mtoto mmoja na leseni ambayo watu waliigeuza pande zote mbili kabla ya kuamini. Sikuwa nimesikia habari ya mwanamke mwingine anayeendesha gari la mifugo huko. Kuna mfugaji mmoja kule Mutomo aliyenisalimu vizuri sana, kisha akazunguka nyuma ya pikapu kumtafuta dereva.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Muthengi, dereva mkuu wetu, mtu mrefu aliyelazimika kuinamisha kichwa kila alipokuwa kwenye usukani, hata akateremka garini bado ameinama. Siku ya kwanza hakunipa funguo. Alinipa kipande cha gazeti na kopo la maji yenye siki kidogo.

"Ingia ndani," akasema. "Unaona nini mbele?"

"Barabara, mzee."

"Hiyo barabara iko nje, si yako bado. Anza na kioo."

Nilisugua kioo kwa ndani asubuhi nzima. Gazeti lilitoka jeusi kama la mwenye kuosha sufuria. Mzee akanieleza kwamba watu huosha kioo kwa nje, wanakokiona, na kusahau ndani, wanakopumulia. Vumbi, jasho, pumzi na moshi wa sigara za wakubwa hukaa pale, na mvuke ukija hushika uchafu kwanza. Kioo safi nacho huingia ukungu, lakini hukawia, na ukiondoka hauachi michirizi. Hilo lilikuwa somo la kwanza. Somo la pili alinipa saa sita: usipanguse kioo kwa mkono. Mkono una mafuta, na ukishapangusa mara moja utapangusa siku zote.

Nililishika somo la kwanza. La pili nilidhani ni la wazee.

Kitui ukungu haukutusumbua sana. Jua la kule linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Mvua za Novemba zilipokuja, nilifungua dirisha vidole viwili kila upande, na safari ikaendelea. Kisha nikahamishwa Makueni, na pikapu ikahamishwa nami, kama ng'ombe na ndama wake. Mzee Muthengi alinisindikiza hadi getini. Aliagana na gari kwanza.

Makueni ina pande mbili. Chini, kuelekea Kiboko na barabara ya Mombasa, ni joto lile lile nililolizoea. Juu, Mbooni na Kilungu, kuna barabara nyekundu zinazojikunja kwenye vilima, na ikifika Juni na Julai wingu hushuka likakaa barabarani kama lina kiwanja pale. Nilipopanda Kilungu mara ya kwanza mwezi wa Julai, kioo changu kiligeuka cheupe kabla ya kona ya tatu.

Kila mtu alikuwa na dawa. Karani wetu alisema nipake kiazi kibichi kilichokatwa. Nilipaka. Ukungu uliingia vilevile, na nzi wakaja. Mwalimu mmoja tuliyempa lifti alisema dawa ya meno. Kioo kilinukia vizuri. Mchungaji wa kanisa la jirani alisema sabuni ya kipande, ipakwe kavu kisha ipanguswe kwa kitambaa kikavu, na hiyo, kwa haki yake, ilisaidia kwa nusu saa hivi. Fundi mmoja wa kando ya barabara alisema tumbaku. Nilimwambia mimi ni mtu wa kanisa. Akasema si ya kuvuta. Nikapaka, na Jumapili mama wa ushirika aliyekuwa ameketi karibu nami akasogea mbali.

Kuna jambo lingine nililifanya kila wiki bila kulifikiria. Kila Jumatatu nilifungua bonati nikaongeza maji kwenye rejeta, chupa moja. Nilidhani ni uzee wa gari. Mtu mzima naye hunywa maji zaidi.

Mkubwa wangu garini alikuwa Daktari Musau, daktari wa mifugo. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa isiyotetemeka, na nimemwona akigeuza ndama tumboni mwa mama yake huku akimuuliza mwenye ng'ombe habari za mashamba. Kasoro yake ilikuwa moja. Hakuweza kupanda kilima bila chai. Alibeba thamosi ya chuma, na tukianza tu kupanda, alifungua kifuniko.

Asubuhi ninayotaka kukueleza tulikuwa tunapanda Kilungu kwenda kuchanja ng'ombe. Wenyeji walikuwa wametangaziwa wawalete kwenye uwanja wa kanisa. Kulikuwa na manyunyu ya baridi, yale yasiyonyesha wala kuacha. Daktari alikuwa ameshuka njiani kuzungumza na mfugaji, akarudi na koti lililolowa, akalikunja magotini. Akafunga dirisha lake kwa sababu ya baridi. Mimi nikafunga langu kwa sababu yeye alikuwa mkubwa wangu. Kisha akafungua thamosi.

Koti bichi, watu wawili wanaopumua, madirisha yaliyofungwa na chai ya moto. Ukitaka kujitengenezea wingu ndani ya gari, huhitaji kingine.

Kioo kikawa cheupe. Nikawasha feni. Feni ikaleta ukungu zaidi, mzito, wenye mafuta, kana kwamba mtu ametoka kula sambusa akapumulia kioo. Nilikuwa najua siku nyingi kwamba feni ya gari lile huongeza ukungu badala ya kuuondoa, nikaizoea kama watu wanavyozoea mlango unaolia. Nikapangusa kwa mkono wa sweta. Pakatokea duara safi, ukubwa wa sahani. Nikainama, nikaendesha nikichungulia kwenye ile sahani.

"Unaona?" Daktari akauliza.

"Naona."

Ndani ya sahani yangu palikuwa na barabara nyekundu, tupu. Nje ya sahani, upande wa kushoto, palikuwa na mama mzee akitembea ukingoni mwa barabara, akimpeleka ng'ombe wake kwenye uwanja wa kanisa achanjwe. Na sisi tukamgonga ng'ombe.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Nilikanyaga breki, nikateremka. Ng'ombe alikuwa ameketi kama mbwa, mguu mmoja wa nyuma umeelekea upande usio wake. Mtu sikumwona. Kisha nikaona kamba. Ilikuwa imenyooka kutoka shingoni mwa ng'ombe hadi ndani ya mtaro, na kwenye mwisho wake palikuwa na mkono ambao haukuwa umeachia.

Tulimtoa mtaroni sisi wawili. Alikuwa amechubuka kiwiko na kupoteza kiatu kimoja. Alikuwa mdogo wa mwili, rika la mama yangu, na aliitwa Syombua. Jina hilo nililijua baadaye, kwa njia mbaya. Tulizungumza Kikamba. Hapa nayaandika kwa Kiswahili.

"Mwaitu, umeumia?" nilimuuliza. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama wa heshima.

Alikuwa anamtazama Daktari, ambaye alikuwa amepiga magoti akipapasa nyonga ya ng'ombe. Alipapasa, kisha akapapasa tena palepale, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko ambao ameshaukagua.

"Nyonga imevunjika, mama," akasema. "Hatasimama tena."

"Wewe ndiye daktari wa ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Mliosema tuwalete?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa namleta," akasema.

Daktari alifanya kinachofanywa kwa ng'ombe ambaye hatasimama. Mwaitu Syombua alimshika kichwa hadi mwisho. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanangoja, tulienda kuchanja. Tulichanja hadi saa nane.

Jioni ya siku ile nilipewa fomu ya ajali. Daktari alisimama nyuma yangu na kikombe.

"Andika ng'ombe aliingia barabarani ghafla," akasema. "Hutapata shida. Wala mimi."

Sisemi alinilazimisha. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na sikungoja aseme mara mbili. Niliandika hivi: "Ng'ombe asiyekuwa na mtu aliingia barabarani ghafla." Maneno saba. Nilikuwa na mtoto wa kidato cha pili na kazi ambayo niliipata kwa shida. Nikapiga sahihi, nikaenda nyumbani, nikala, nikalala. Nakueleza hili ili usidhani mtu akisema uongo usingizi humkosa. Nililala vizuri sana.

Nakala ya ile fomu ilienda kwa chifu. Chifu, ambaye hakuwa na kosa, alifanya kazi yake. Kwenye baraza aliwaonya watu wanaoachilia mifugo barabarani, akatoa mfano, na kwenye mfano akataja jina la Syombua.

Wiki mbili baadaye mwaitu Syombua alikuja ofisini kwetu, mjini Wote. Sijui alitoka Kilungu saa ngapi, kwa sababu tulimkuta kwenye benchi tulipofungua. Aliniita kwa mkono. Nikakaa karibu naye. Akafungua mfuko wake akatoa ile kamba, ikiwa imekunjwa vizuri, akaiweka mapajani mwangu.

"Ni nini hii?" akauliza.

"Ni kamba, mwaitu."

"Chifu amesoma karatasi yako mbele ya watu. Imesema ng'ombe hakuwa na mtu." Alizungumza polepole, bila kupaza sauti. Hapo afadhali angepaza. "Nimefuga tangu nikiwa msichana. Hakuna shamba la mtu limewahi kuliwa na ng'ombe wangu. Mimi ndiye ninayewaambia wamama wa kanisani wafunge mifugo yao. Sasa wananitazama."

Nikaishika kamba kwa mikono miwili.

"Kama hakuwa na mtu," akasema, "mimi niliyeanguka mtaroni ni nani?"

Akachukua kamba yake, akaikunja tena, akaenda. Hakuomba ng'ombe. Hakuomba chochote.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilimpigia simu Mzee Muthengi, ambaye alikuwa amestaafu na kurudi kwake Mutonguni. Nilimweleza yote, na nikamaliza kwa kusema hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mzee hakujali hali ya hewa.

"Nduku," akasema, akiniita kwa jina langu, "ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona kidogo, mzee."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Nikafikiri. "Kama sahani."

"Basi andika sahani," akasema, na akaanza kuniuliza kama gia ya tatu bado inakwaruza.

Nikaandika upya. Niliandika kwamba kioo kilikuwa kimejaa ukungu, kwamba nilikuwa nikiona sehemu yenye ukubwa wa sahani, kwamba ningeweza kusimamisha gari na sikusimamisha, na kwamba ng'ombe alikuwa ukingoni mwa barabara, akishikwa kwa kamba na mwenye ng'ombe. Mkuu wetu wa ofisi aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Unajua ukiandika hivi, makosa yote ni yako?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Na Daktari anasemaje?"

"Hiyo ni ya kwangu. Yake ataandika yeye."

Nilinyang'anywa funguo siku hiyo hiyo, nikapelekwa stoo kutunza mabuti na sindano hadi nitakapoambiwa vingine. Daktari Musau alianza kunisalimu kama mtu anavyosalimu geti. Na sikumlaumu, kwa sababu karatasi mbili zisizofanana zilimaanisha mtu mwingine pia angeulizwa.

Nakala ya ile karatasi ya pili nilimpelekea mwaitu Syombua mwenyewe, nyumbani kwake. Ilikuwa nyumba ya matofali iliyo chini ya barabara, na zizi lake lilikuwa limefagiliwa ingawa halikuwa na kitu. Alivaa miwani, akaisoma yote, kidole kikifuata mstari. Nikangoja aseme ni sawa.

"Ile ya kwanza ilisomwa mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo, mwaitu."

"Hii nayo isomwe mbele ya watu. Na usimpe chifu. Soma wewe."

Baraza lilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Chifu alizungumza kuhusu mitaro na pombe, kisha akaniita. Nimebeba madume ya ng'ombe nyuma ya gari, nimevuka mto Athi ukiwa umefurika, lakini kutoka kwenye benchi hadi mbele ya watu wale ilikuwa mbali zaidi. Nilisoma. Nilipofika kwenye sahani, watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja wa mbele akainua mkono.

"Sahani ya wali au ile ndogo ya kikombe?"

"Ya wali," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama aliyetaka tu kuelewa vizuri. Nikamaliza kusoma. Nikasema nimemkosea mwaitu Syombua mara mbili, mara ya kwanza kwa gari na ya pili kwa kalamu, na kwamba ile ya kalamu nilikuwa naona vizuri.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya watu. Nikainua macho, nikamwona Daktari Musau amesimama karibu na ukuta wa darasa, kofia mkononi. Sikujua alikuwa amekuja.

"Na chai ilikuwa yangu," akasema. "Na mimi ndiye nilimwambia aandike vile."

Mwaitu Syombua akainuka. Alikuwa amevaa nguo ya ushirika wa akina mama, kitambaa cheupe kichwani. Akawatazama wenzake kwa zamu, mmoja mmoja, bila haraka.

"Mmesikia," akasema. "Ng'ombe alikuwa na mtu." Akaketi.

Tulirudi mjini Wote na Daktari garini mwake. Hatukuzungumza hadi Nunguni. Hapo akaniuliza kama nina njaa, na yakaisha.

Nilikaa stoo miezi mitano. Hakuna aliyetaka kuendesha ile pikapu, ikakaa chini ya mti wa mwarobaini ikijazwa majani. Nikaomba ruhusa ipelekwe kwa fundi Bakari, mjini Sultan Hamud, nami niende nayo. Bakari alikuwa mtu wa pwani aliyekuja bara zamani kwa sababu ya mke, na Kiswahili chake kilitufanya sote tujihisi tunavunja vyombo. Nikamweleza habari ya kioo. Hakugusa kioo. Alifungua mlango wa abiria, akaingiza mkono chini ya kapeti.

"Dada, huku kwenu mvua imenyesha lini?"

"Haijanyesha mwezi mzima."

"Mbona kapeti limelowa?"

Akatoa kidole, akakinusa, akaniambia nami ninuse. Kilinukia utamu, kama peremende ya bei rahisi.

"Haya si maji ya mvua. Haya ni maji ya rejeta yako. Hita iliyo nyuma ya dashibodi imetoboka. Kila ukiwasha feni, unapuliza mvuke wake kwenye kioo, na ile dawa ya rejeta ndiyo inayoacha mafuta. Unaongeza maji?"

"Chupa moja kila Jumatatu."

"Basi chupa hizo zote zimepita machoni pako," akasema, na akaanza kufungua dashibodi.

Alitoa hita, akanionyesha tundu dogo kama la sindano, akalilehemu. Aling'oa kapeti lote, tukalianika juu ya ukuta siku mbili. Chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo maji ya mvua hupita yakitoka, alitoa ndoo nusu ya majani yaliyooza. Alipomaliza akapangusa mikono, akaniambia kwa huruma, "Unaona sasa, dada? Kosa lilikuwa la gari."

"Hapana," nikamwambia. "Daktari aliuliza kama naona. Gari halikujibu. Nilijibu mimi."

Kwa hivyo, Mwikali, fanya hivi. Ingiza mkono chini ya kapeti, pande zote mbili. Likiwa limelowa, tafuta maji yanatoka wapi kabla ya kununua dawa yoyote. Nusa. Yakinukia utamu, ni hita. Yakinukia matope, ni raba za milango au majani chini ya kioo. Kupima raba, weka karatasi mlangoni, funga mlango, kisha vuta. Ikitoka bila kukataa, raba imekufa. Osha kioo kwa ndani kila Ijumaa, gazeti na siki. Feni iwe ya kuleta hewa kutoka nje, si ile ya kuzungusha pumzi zenu wenyewe, na joto lielekee kioo. Fungua madirisha vidole viwili hata mkubwa wako akilalamika baridi. Makoti yaliyolowa yaende nyuma. Chai inywewe nje, gari likiwa limesimama. Na ukifanya yote hayo na bado huoni, simama. Kuchelewa nimechelewa mara nyingi, na hakuna hata moja ninayoikumbuka.

Nilirudishiwa funguo mwezi wa Desemba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa safari ambayo mkuu wetu alinipa bila kuniangalia usoni: ofisi ilikuwa imekubali kumrudishia mwaitu Syombua mnyama, na mtamba alikuwa amepatikana Kalamba. Nilimpitia mwaitu Kilungu, kwa sababu alikuwa amesema hatapokea ng'ombe aliyechaguliwa na watu wanaogonga ng'ombe. Kule Kalamba alikagua mitamba wanne. Aliwatazama meno, akawashika viwele, akawatembeza. Alimchagua mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, ambaye mwenye boma hakuwa anataka kumwachia.

Tulimpandisha nyuma ya pikapu, nikamfunga kwa kamba mbili, mbele na nyuma, vifundo ambavyo Mzee Muthengi alinifundisha. Mwaitu alivijaribu kwa mkono, akasema viko sawa. Kisha akatoa mfukoni kamba yake mwenyewe, akamfunga mtamba shingoni, akaipitisha kwenye kidirisha kidogo cha nyuma hadi ndani ya gari, akapanda kando yangu na kuizungusha kiganjani mara mbili.

"Mwaitu, amefungwa tayari," nikasema. "Haendi popote."

"Najua."

"Utachoka mkono. Ni mbali."

"Endesha," akasema.

Tulipofika vilimani mvua ilikuwa imetungoja. Kidirisha cha nyuma hakikuweza kufungwa kwa sababu ya kamba, na baridi iliingia shingoni kwetu njia nzima. Kioo cha mbele kilibaki safi pembe hadi pembe. Pale tulipomgonga ng'ombe wake nilipunguza mwendo zaidi ya ilivyohitajika. Mwaitu alitazama mtaro wa kushoto, akavuta kamba kidogo, na nyuma yetu mtamba akajibu kwa kuvuta kidogo.

Nilipomshusha kwake, nilijaza daftari la safari nikiwa nimeegemea bonati, kabla mvua haijalowesha karatasi. Mahali pa abiria niliandika mmoja. Mahali pa mzigo niliandika: "Mtamba mmoja, akiwa na mtu."